Chupa kwenye Kichanja

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya utafiti, huwa nawajibu kwamba sikuiacha, iliniacha yenyewe, na kilichotugombanisha ni chupa ya mkojo. Wanacheka. Nawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha nawasimulia, na mpaka leo nikifika katikati ya habari hii sauti yangu hupanda bila mimi kutaka. Sijutii. Naliweka hilo mbele asije mtu akanisoma kwa huruma.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mtaalamu wa maabara kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya kupanga karibu na Mwenge, na ukifungua dirisha ulisikia patasi za wachonga vinyago tangu asubuhi. Wazazi wangu ni watu wa Kilimanjaro, baba karani na mama mwalimu, na walijivunia lile koti jeupe kuliko mimi mwenyewe. Mama alikuwa anawaambia wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe anafanya utafiti, halafu anabadilisha mazungumzo haraka, maana utafiti wa mkojo si jambo la kueleza mbele ya watu wanaosubiri kusali.

Utafiti wenyewe ulihusu maradhi ambayo sijui ni mwanamke gani wa Dar asiyeyajua: maambukizi ya njia ya mkojo, yale ambayo mtaani huitwa UTI kwa wepesi uleule wa kusema mafua. Tulikuwa na swali moja. Je, mwanamke akimeza vidonge siku tatu anapona sawasawa na yule aliyemeza siku saba? Lilikuwa swali zuri, na hata leo sitalisema vibaya. Dawa ikimezwa siku chache, madhara yake yanapungua na wadudu hawapati nafasi kubwa ya kuizoea.

Mpango ulikuwa hivi. Mwanamke mwenye dalili alifika kituo cha afya upande wa Kunduchi, akatoa mkojo palepale kwenye chupa yetu. Mimi niliuotesha maabara, yaani niliupaka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria na kukiweka kwenye kabati la joto. Kesho yake, kama wadudu walikuwepo, niliwaona wameota juu ya kisahani, vitone vitone, kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi wa jana. Hapo mwanamke aliingizwa kwenye utafiti, akapewa vidonge vya siku tatu au vya siku saba, pamoja na chupa mbili za kwenda nazo nyumbani. Zilikuwa chupa ndogo za plastiki zenye kifuniko chekundu, kila moja ndani ya mfuko wake uliofungwa. Alitakiwa kuja na mkojo wa asubuhi baada ya wiki moja, na mwingine baada ya mwezi. Kisahani cha marudio kisipoota kitu, tuliandika amepona.

Na walipona. Walipona kupita kiasi. Siku tatu, kisahani kitupu. Siku saba, kitupu. Hata wale waliokiri kwamba walisahau vidonge kwenye mkoba, visahani vyao vilikuwa vitupu. Daktari kiongozi wa utafiti, ambaye ndiye aliyeuandika mpango wote tangu mwanzo, alikuwa anaingia maabara akipiga mluzi kama bwana harusi. Alikuwa mtu mwerevu, na wakati huo sikuwa na ugomvi naye. Siku moja alinisomea aya aliyokuwa ameshaiandika kabla kazi haijafika nusu. Ilisema siku tatu zinatosha.

Kilichoniudhi mimi kilikuwa kwenye darubini. Kabla ya kuotesha mkojo nilikuwa naangalia tone lake, na katika mikojo mingi ya marudio niliona seli za usaha. Usaha maana yake mwili unapigana. Sasa unapigana na nani, ikiwa kisahani kinasema hakuna mtu? Nilimpelekea daktari swali hilo.

"Wanameza dawa za dukani," alisema bila kuinua macho. "Siku mbili kabla ya kuja, anapita duka la dawa, anachukua vidonge vinne, anameza. Mdudu anakufa, usaha unabaki. Hawa kina mama tunawajua."

"Nimewauliza. Wanakataa."

"Dada, unadhani watakwambia?"

Nilirudi kwenye meza yangu na, nakiri, nikamwamini nusu. Tabia ya kujinunulia dawa naijua, hata nyumbani kwetu ipo, kwenye droo ya kabati la sebuleni kuna nusu pakiti ya kila kitu.

Aliyenitoa kwenye ile nusu alikuwa mama mmoja wa Kunduchi, muuza samaki wa kukaanga, aliyenizidi kama miaka kumi na mitano. Wiki moja baada ya vidonge alileta chupa yake, kisahani hakikuota, kituo kikampa karatasi iliyosema hana maambukizi. Siku chache baadaye nilikuwa palepale kituoni nikimsaidia muuguzi kuandikisha washiriki wapya, akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile karatasi uliandika wewe?"

Nikamuuliza iko wapi nimwonyeshe sahihi.

"Anayo baba watoto. Anatembea nayo mfuko wa shati." Akakaa kwenye benchi taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu cha moto. "Mie bado naunguzwa. Nikienda haja naona kama nakojoa pilipili. Namwambia bwana yule naumwa, niache, anatoa karatasi. Hospitali wamesema huna kitu. Anasema namkwepa, nina mtu. Kamwonyesha mpaka dada yake."

"Mama, kuna dawa yoyote ya dukani umemeza?"

"Ulishaniuliza hilo, nikakwambia sijameza. Unataka niape?"

Nikamwambia asubiri chupa ya pili, mwezi ukifika tutaona. Nililisema kwa sauti yangu ya kitaalamu, ile ninayoitumia nisipojua la kusema. Alinitazama, akaifunga kanga yake vizuri, akainuka.

"Haya, mwanangu. Nyie ndio mmesoma."

Nilikasirika siku nzima bila kujua namkasirikia nani. Kumbe mtu anaweza kuumwa, akaenda mwenyewe hospitali, akameza kila alichopewa, halafu karatasi yenye mwandiko wangu ikageuka ushahidi dhidi yake ndani ya nyumba yake. Hilo sikufundishwa chuoni.

Mwezi ulipofika hakuja. Utaratibu ulitaka asiyekuja afuatwe nyumbani, na kwa kuwa muuguzi wetu alikuwa ameanza likizo ya uzazi, nikasema nitakwenda mimi.

Alikaa nyuma ya soko la samaki, nyumba ya vyumba viwili na ua wa mabati. Karai lake la kukaangia lilikuwa baridi, siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Nilimkuta barazani amelala kwenye mkeka, amejifunika kanga mbili na jua limewaka, mkono ameushikiza ubavuni, juu kidogo ya kiuno. Nilimgusa paji la uso. Alikuwa anaungua.

"Nilijua leo siku yenu," akasema. "Nimeshindwa kutembea. Chupa ipo tayari, ngoja nikuchukulie."

"Lala, mama. Nitaichukua mwenyewe. Iko wapi?"

"Hapo uani, kwenye kichanja."

Kichanja chake kilikuwa cha fito, kimefungwa vizuri, na juu yake vyombo vilikuwa vimepinduliwa vikauke: sufuria mbili, bakuli, vikombe. Katikati ya vikombe viwili, imepinduliwa vilevile, ilikuwa chupa yetu. Kifuniko chake chekundu kilikuwa kando, kimeelekezwa juani. Ilikuwa inang'aa. Niliishika, nikaileta puani, nikasikia jiki.

"Mama, umeiosha?"

"Sasa nisiioshe?" Alinitazama kama niliyemtukana. "Mie nauza samaki, mwanangu. Kila kitu humu kina shombo. Nikuletee chombo kinanuka, mkafungue huko ofisini kwenu mseme yule mama mchafu? Naosha kwa sabuni, natia jiki, naiacha kidogo, namwaga, naanika. Sisuuzi tena, maji ya kisima cha hapa yana chumvi, yanachafua upya."

"Na ile ya kwanza?"

"Vilevile. Si nilikuuliza?"

Hapo nikakumbuka. Siku anaandikishwa foleni ilikuwa ndefu, mimi nabandika namba kwenye chupa, naye akaniuliza kama akifika nyumbani aioshe kwanza. Nami, bila kuinua kichwa, nikamwambia, sawa mama, fanya hivyo. Sikuwa nimelisikia swali. Nilisikia sauti ya mtu anauliza, nikampa jibu la kumwondoa mezani. Ningeweza kuliacha hilo nje ya habari hii na hakuna ambaye angejua, ila nimechoka na habari ambazo mwenye kuzisimulia ndiye pekee asiye na kosa.

Nimekulia kati ya watu wa pwani, najua chombo hakitoki nyumbani kwa mtu bila kupita kwenye mikono yake na maji. Kila Ramadhani jirani yetu Mwislamu alituletea futari, na bakuli lake mama aliliosha, akalikausha, akalikagua kwenye mwanga ndipo likarudi. Mwanamke anayejiheshimu angewezaje kuchukua chupa iliyopita mikono ya watu asiowajua, akaikojolea hivyohivyo, akawapelekea wageni? Tulikuwa tumewapa ukurasa mzima wa maelekezo: namna ya kujisafisha, namna ya kuacha mkojo wa mwanzo upite, muda wa kuufikisha. Hakuna mstari uliosema chupa isioshwe. Walioandika hawakuwaza. Mimi niliyekula futari za jirani nilipaswa kuwaza, na sikuwaza.

Na pua yangu je? Kila asubuhi meza za maabara zilifutwa kwa jiki. Harufu ilikuwa humo saa zote, kwa hiyo chupa ilipofunguliwa ikinuka jiki mimi nilidhani ni meza.

Nikatoa chupa mpya mkobani, bado iko kwenye mfuko wake.

"Mama, nakuomba kitu kigumu. Kojolea hii kama ilivyo. Usiioshe, usiiguse ndani."

"Hiyo siwezi."

"Ilishasafishwa kiwandani. Humo ndani ni safi kuliko chombo chochote cha kwangu au cha kwako."

"Wewe uliona wakati inasafishwa?"

Sikuwa nimeona. Nikaacha kumfundisha, nikamwambia ninachofikiri: kwamba jiki yake inawaua wadudu ndani ya chupa kabla mimi sijawaona, na ndio maana karatasi imesema hana kitu wakati anaumwa. Alijiinua, akaketi. Kisha akanyoosha mkono. Aliporudi kutoka chooni, akijishika ukutani, chupa ilikuwa imeviringishwa kwa gazeti, juu ya gazeti mfuko, juu ya mfuko kitambaa cha jikoni, na hakunitazama usoni.

"Usimwambie mtu kama nimekupa hivi," akasema.

Utaratibu ulisema mshiriki asipewe dawa nyingine mpaka majibu yatoke na daktari kiongozi aidhinishe. Niliita bajaji. Mganga wa zamu pale kituoni alimbonyeza ubavuni mara moja tu, mama akaruka, na sindano ya kwanza akachomwa palepale, kwa sababu maambukizi yalikuwa yamepanda mpaka kwenye figo. Kwa kosa hilo la kutibiwa, jina lake lilitakiwa kuondolewa kwenye utafiti. Nililikata mimi mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na nilikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Kesho yake kisahani chake kilikuwa kimejaa. Sijawahi kufurahi hivyo kuwaona wadudu. Nilipowajaribu kwa dawa mbalimbali, vidonge vya utafiti wetu havikuwatisha hata kidogo, ila dawa nyingine iliwamaliza, nikapiga simu kituoni wambadilishie.

Kisha nikaenda kwa msimamizi wetu wa maabara. Alikuwa mzee wa Kihindi, Mshia, mzaliwa wa hapahapa Dar, aliyeacha duka la ukoo wake kwa ajili ya darubini na kila Muharam alivaa nguo nyeusi chini ya koti jeupe. Hakupenda maneno. Nilipoanza tu kumweleza aliinua kidole.

"Usinieleze, binti. Fanya, halafu niandikie."

Nikafanya. Nilichukua mkojo wenye wadudu nikaugawa kwenye chupa za namna mbili, zilizotoka mfukoni moja kwa moja na nilizoziosha kwa mtindo wa Kunduchi, jiki bila kusuuza, nikazianika dirishani. Nikaongeza za sabuni ya unga na za ndimu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwapigia simu washiriki wengine na karibu kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Mmoja wa Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, aliniambia anaosha mara mbili kwa ajili ya vumbi lake. Mwingine alicheka. "Sasa sista, nani anapelekaga hospitali chupa haijaoshwa?"

Siku iliyofuata mzee alikuja, tukafungua kabati la joto pamoja. Visahani vya chupa za mfukoni vilikuwa vimejaa. Vya jiki vilikuwa vitupu. Vya sabuni na vya ndimu vilikuwa mchanganyiko, vingine vimeota kidogo, vingine havikuota. Mzee alivitazama kimoja kimoja kwenye mwanga, bila haraka, wachonga vinyago wakigonga huko chini.

"Jiki rudia," akasema. "Mara mbili. Watakuambia umekosea."

Nikarudia mara mbili, na vilikuwa vitupu.

Daktari alisoma kurasa zangu tatu akiwa amesimama, na mluzi ukaishia hapo. Ili nimtendee haki, niseme kwamba hakubishana na visahani. Alikaa, akajishika kichwa, na kwa dakika chache nilimhurumia, maana ile aya yake nzuri ilikuwa imekufa mikononi mwake. Kisha akapata njia ya kutokea, na huruma yangu ikaisha.

"Tutaandika hivi," akasema. "Baadhi ya sampuli za marudio ziliondolewa kwa kuwa washiriki hawakufuata maelekezo. Mstari mmoja tu. Zinazobaki tunaendelea nazo. Wewe unatia sahihi kwa upande wa maabara, na mkataba wako mpya nausaini wiki hii."

"Maelekezo gani hawakufuata?"

"Ya kukusanya sampuli."

"Maelekezo haya hapa, daktari. Nionyeshe mstari."

Hakunionyesha, kwa sababu haukuwepo. Akaisukuma ile karatasi ya maelekezo pembeni.

"Unajua tukiandika kosa ni letu watu watasema nini?"

"Watasema kosa ni letu."

"Na hao kina mama usiwapigie tena. Usimwambie mtu kwamba majibu ya mwanzo yalikosewa, utazua taharuki. Anayeumwa atarudi mwenyewe."

"Atarudije, na karatasi yetu imesema haumwi?"

"Dada, wewe ni maabara. Kazi yako ni kusoma visahani."

"Nimevisoma," nikasema. "Ndio maana niko hapa."

Sauti yangu ilikuwa imepanda, na haikuwa kwa woga. Ilikuwa hasira, na ilinifaa sana. Kwanza tuliwaita wanawake wale waongo wanaomeza dawa kwa siri. Sasa tulitaka kuwaita wazembe. Watu ambao kosa lao lote lilikuwa kutuheshimu kupita tulivyostahili, walioamka alfajiri kusugua chupa ili sisi tusije tukakunja pua. Nilimwachia daktari kalamu yake mezani, nikatoka bila kutia sahihi.

Nikaiandikia kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti ule. Barua yenyewe sikuirefusha, na visahani nilivieleza kama vilivyokuwa. Lakini kulikuwa na sentensi mbili nilizozikalia kwa muda mrefu kuliko kurasa zote: "Wanawake waliosha chupa kwa sababu hatukuwaambia wasizioshe. Mmoja wao aliuliza, na mimi nilimjibu aoshe." Hiyo ya pili ilikuwa inanifunga mwenyewe. Niliifuta, nikairudisha, nikaifuta. Mwisho nikaona nikiiacha nje nitakuwa nafanya kilekile alichofanya daktari, kwa lugha nzuri zaidi. Ikabaki. Mzee wa maabara alisoma, akasahihisha tarehe niliyoikosea, akagonga muhuri, na chini ya sahihi yangu akaandika kwa mwandiko wake mdogo: Visahani nimeviona. Akatia sahihi yake.

Mama yangu nilimweleza jikoni. Alikuwa anamenya ndizi, hakusimama.

"Ulikosea na wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi leta sufuria," akasema, na hakulirudia tena, hata mbele ya wenzake wa jumuiya.

Kamati iliusimamisha utafiti na kuagiza kila mwanamke aitwe tena, apimwe kwa chupa ya palepale kituoni. Waliorudi, wengi bado walikuwa na wadudu wao. Mkataba wangu haukuvunjwa, uliachwa tu ufike mwisho kimyakimya, na nikaambiwa mambo ya bajeti. Sasa niko kwenye maabara ndogo Temeke, na ukutani juu ya dirisha la kupokelea nimebandika karatasi niliyoandika kwa wino mzito: CHUPA HII HAIOSHWI. Wanawake wanaisoma na kuguna. Asiyejua kusoma namwambia kwa mdomo, na nikimwambia namtazama usoni, na nangoja nione kama ana swali.

Ila kabla ya hayo, barua ikiwa imeshaondoka na mimi bado nina koti langu la Mwenge, yule mama wa Kunduchi alipanda ngazi zetu akiwa na mumewe. Alikuwa amekonda, lakini alitembea wima. Mume alikuwa mtu mrefu, mpakiaji wa saruji huko Wazo, mwenye vumbi jeupe kwenye kope. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu.

"Nimemleta mwenyewe," mama akasema. "Soma majibu, asikie. Nimekuruhusu."

Nikasoma karatasi mpya. Wadudu wapo, wengi, walishapanda kwenye figo, na dawa ya kwanza haikuwaweza. Mume alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa ile karatasi ya zamani. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, imebadilika rangi kwa jasho. Akaikunjua juu ya meza yangu, kando ya mpya, akailainisha kwa kiganja.

"Na hii?"

Daktari alikuwa chumba cha pili na mlango ulikuwa wazi.

"Hiyo haikuwa sahihi, baba," nikasema. "Tulikosea sisi. Mkeo alituambia anaumwa na hatukumsikiliza, mimi nikiwa wa kwanza."

Kule ndani kiti kilisogea. Hakuna aliyekuja.

Mume alizitazama karatasi zote mbili. "Kwa hiyo alikuwa anaumwa kweli."

"Alikuwa anaumwa. Siku hii inaandikwa alikuwa anaumwa, na siku zote ulizotembea nayo alikuwa anaumwa."

Akainamisha kichwa. Mkewe hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, mikono ameikunja juu ya mkoba wake.

"Mwambie tena," akasema.

Nikamwambia tena, kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha pili.